Akili ya pweza na kazi yake

Ndugu yangu, umeuliza kama akili ina kazi yoyote katika mageuzi ya viumbe, au ni pambo la binadamu tu. Mimi naanzia hapa kwetu Tanga, kwa pweza. Maji yakitoka siku za bamvua, fuatana na akina mama wanaochokoa pweza mwambani: watakuonyesha mawe aliyoyapanga mlangoni pa shimo lake, na maganda ya kaa aliyeliwa yametupwa nje.

Pweza ana nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili zimo mikononi. Mzazi wetu wa pamoja naye aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kiumbe mdogo wa neva chache. Kwa hiyo akili kubwa imezuka angalau mara mbili, kwa njia mbili tofauti kabisa! Kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba akili ina kazi. Mnyama laini asiye na gamba, anayewindwa na mikunga na papa, hana budi kupima, kukumbuka na kuamua. Anayeamua vizuri ndiye anayeishi mpaka kutaga.

Anahisi? Azimio la Cambridge la 2012, tamko la kundi la wanasayansi wa ubongo, lilimtaja miongoni mwa wanyama wenye msingi wa neva unaozalisha ufahamu. Mimi naamini anahisi, ndiyo maana nasisitiza auawe haraka, asiachwe kufa juani.