Barua kwa mwanangu: rekodi ipi ya Kodály?

Mwanangu Neema,

Umeniuliza: kwaya yenu inaanza mazoezi ya Psalmus Hungaricus, zaburi ya kwaya na okestra ya Kodály, mtunzi wa Hungaria; rekodi ni tele, ufuate ipi? Na Bartók, Mhungaria mwenzake, uanzie wapi?

Kabla ya jina la kondakta, yule mwongozaji wa okestra, tazama lugha. Kondakta Ferenc Fricsay, pamoja na Uhungaria wake, mwaka 1954 aliirekodi kwa Kijerumani, teno akiwa Ernst Haefliger. Sauti ile ni tamu, ila kwa mazoezi itakupoteza. Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, na Kodály alipanga nota zake kufuata hivyo. Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, ndipo tunapoteleza. Kile kialama juu ya irabu si mkazo, ni urefu. Chukua neno baráti kwenye ubeti wa kwanza: mkazo uko kwenye ba, urefu uko kwenye rá. Mswahili atakandamiza rá, na neno litapinda. Tena s husomwa sh, sz ndiyo s yetu, cs ni ch, na a isiyo na alama huviringwa mdomo kuelekea o. Ny haikusumbui, ni ile ya nyumba.

Kwa hiyo fuata ya kondakta István Kertész, kampuni ya Decca, 1970: London Symphony Orchestra, teno Lajos Kozma, Brighton Festival Chorus. Wanaimba Kihungaria, na aliyeiunda kwaya hiyo, László Heltay, alikuwa mwanafunzi wa Kodály mwenyewe. Sikia wanavyoingia: alto na besi tu, wote tuni ileile moja, chinichini. Kwaya nyingi huharibia hapo hapo. Huingia na kifua chote, na mbele hakuna pa kupandia. Ukiishaizoea, linganisha na ya kondakta Georg Solti aliyoifanya Budapest mwaka 1997, mwaka aliofariki.

Kwa Bartók, anza na Muziki wa Nyuzi, Midundo na Selesta (1936; selesta ni kinanda chenye mlio wa kengele), kondakta Fritz Reiner na okestra ya Chicago, 1958. Lazima iwe stirio. Bartók aliagiza vinanda vya nyuzi vigawanywe makundi mawili, kushoto na kulia, ngoma na piano katikati. Kwenye mono, yaani sauti zote zikitoka njia moja, majibizano yao yanakuwa uji. Sehemu ya kwanza huanza na viola (fidla kubwa kidogo) zilizozibwa mlio, kimya kabisa, nawe utaongeza sauti, kisha kilele kikuumize masikio. Tafuta kilele kwanza, pima sauti hapo, ndipo urudi mwanzo. Na usiisikilizie kwenye spika ya simu: besi zote zitapotea.

Konseto ya Okestra (1943), nayo ya Bartók, ina mtego wake. Kwenye sehemu ya pili partitura (kitabu cha nota cha kondakta) iliyochapishwa iliandika mapigo 74 kwa dakika, ilhali ni 94. Solti aliligundua hilo alipokuwa akiiandaa na Chicago, kwa kuwa karatasi ya mpiga ngoma ilikuwa na namba sahihi. Basi ukikuta rekodi ya zamani inajikokota hapo, usimlaumu kondakta haraka. Hata hivyo ya Reiner ya 1955 siiachi. Tarumbeta na ala zake nyingine za shaba bado zinakata kama wembe.

Mkifika ubeti wa kwanza, nirekodie kwa simu unitumie. Nataka kuisikia hiyo baráti.

Mama yako