Binti yetu hataki kumwambia babake "basi"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Kiembeni. Mume wangu alianza kukimbia miaka mitatu iliyopita baada ya daktari kumwambia presha imepanda, na alhamdulillahi amebadilika. Baadaye akanivuta na mimi, kisha binti yetu wa miaka 10. Kila Jumamosi baada ya alfajiri tunatoka watatu, mdogo tunamwacha kwa mavyaa. Tuna fulana za samawati zenye jina la ukoo mgongoni.

Sasa mwezi wa Agosti kuna mbio za porini huko bara, kilomita 30 za milima na mawe, na mume wangu ametuandikisha sote. Mtoto anaruhusiwa mradi mzazi atie sahihi. Binti mwenyewe anasema anataka. Lakini wiki mbili zilizopita nilimkuta bafuni akijikanda goti, na kucha ya kidole gumba cha mguu imekuwa nyeusi. Akanambia, "Mama, usimwambie baba, ataona nimelegea."

Nikigusia habari ya umbali, mume hunijibu samaki mkunje angali mbichi. Mavyaa naye anasema tunamvunja miguu mtoto wa kike, kesho nani atamuoa. Sitaki kuwa upande wa mavyaa, na sitaki kumvunja moyo mume wangu. Nifanyeje?

Mama wa Fulana ya Samawati

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale bafuni. Kilomita 30 tutazifikia. Lakini mtoto anayejikanda goti mlango umefungwa ili babake asijue, hapo ndipo penye barua yako, na naona hata wewe unajua, maana ungeweza kuniandikia siku mumeo alipowaandikisha. Hukuandika. Umeandika baada ya kuiona ile kucha.

Mavyaa tummalize haraka. Hayo ya kuolewa mpe kahawa na kaimati, mbadilishe mazungumzo. Kukimbia hakumharibu msichana. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 za kutokwa jasho kila siku, na wangapi mtaani kwenu wanazipata, simu zikiwa mkononi tangu watoke shule? Mumeo amekuleteeni heri nyumbani, na umwambie hivyo kabla hujamwambia lolote jingine. Bibi amekosea sababu tu. Wasiwasi wake una mahali.

Na huyo samaki wa mumeo! Mimi nimezaliwa pwani, samaki nawajua. Samaki mbichi hukunjwa akaingia kwenye sufuria, lakini ukimkunja kwa nguvu kupita kiasi utasikia mfupa ukilia. Ncha za mifupa ya mtoto wa miaka 10 bado zina gegedu laini, ndipo mfupa unaporefukia. Pale chini kidogo ya pia ya goti, kano nene ya msuli wa paja inaposhika mfupa wa muundi, panavutwa kila anaporuka na kila anapopanda mlima. Mzigo ukizidi panauma, pengine panavimba kinundu. Ni jambo la kawaida kwa watoto wa rika lake wanaocheza sana, na aghalabu hupoa wakipunguziwa mbio. Lakini lazima apunguziwe. Mpeleke kwa daktari amshike goti hilo wiki hii, na mpaka hapo Jumamosi zenu zisimame kwake. Baiskeli au kuogelea, kama hakumuumi, ruksa.

Ile kucha nayo inasema raba zimembana. Mtoto hukua miguu upesi kuliko mshahara wa babake. Mwambie asimame wima amevaa soksi, ubonyeze mbele ya kidole kirefu: pakikosa nafasi ya upana wa kidole gumba chako, raba hizo sasa ni za mdogo wake.

Sasa hilo la "binti mwenyewe anataka". Mwaka 2022 kule Cincinnati, Marekani, familia ya watu wanane ilikimbia marathoni nzima, kilomita 42, na mdogo wao alikuwa na miaka 6. Huyo naye alisema anataka. Wazazi wenyewe ndio walioeleza baadaye kwamba njiani alichoka, kila dakika tatu akiomba kukaa, akalia, nao wakamuahidi Pringles, zile krispi za viazi za kopo, ili aendelee. Walimaliza baada ya saa zaidi ya nane, na dunia ikagawanyika pande mbili kuwahukumu. Waandaaji walitangaza kwamba tangu mwaka uliofuata sharti la umri litafuatwa bila mchezo. Mimi sikuwepo na siwezi kuapa kuhusu mapenzi ya wazazi wale kwa mtoto wao. Kilichonikaa ni ile Pringles. Mtoto wa miaka 6, au 10, husema "nataka" kwa sababu baba na mama wako huko, fulana iko huko, na Jumamosi nzima babake anamtazama yeye badala ya simu. Anachotaka ni kuwa nanyi, na hajui kilomita 30 ni nini. Wewe mwenyewe unajua?

Tazama mbio za Lewa, huko huko bara: zilianza mwaka 2000, watu hukimbia kwenye njia za vumbi katikati ya hifadhi yenye vifaru na simba. Kuna kilomita 42, kuna 21, na watoto wana zao: kilomita 5. Hata hizo kwa mtoto wa Mombasa si haba, maana kule ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na sisi huku tunapumulia ufukweni. Kwa hiyo hata goti likipona, Agosti hiyo mimi singemkimbiza binti huyo kilomita 30. Waandaaji wakubali wasikubali. Sahihi yako inamkinga mwandaaji. Haiingii kwenye goti la mtoto.

Namna ya kulisema hilo nyumbani ndiyo kazi.

Usianze na mumeo. Anza na binti. Alikupa siri, na ukiitoa kwa mlango wa nyuma, jeraha lijalo atalificha hata kwako. Kaa naye, hata kama ni pale bustani ya Mama Ngina mnakula mihogo ya pilipili mnatazama meli, mwambie wazi kwamba goti si siri ya kuweka na kwamba baba lazima ajue. Kisha mpe nafasi aseme mwenyewe, wewe ukiwa ubavuni. Akikataa, mwambie utasema wewe, na atakuwepo akisikia utakavyosema.

Na mumeo msikabiliane mbele ya mavyaa, wala si kwenye simu, wala si Jumamosi akiwa na saa mkononi anahesabu dakika. Ngojea baada ya isha, mdogo amelala. Usimpelekee hoja za kitabibu, maana mwanamume aliyeshusha presha kwa miguu yake mwenyewe atakuletea hoja kumi. Mpelekee maneno ya mtoto kama yalivyo: "Usimwambie baba, ataona nimelegea." Yaseme, kisha unyamaze. Usiyafafanue. Mwache akae nayo hata kama chai itapoa. Kama ni baba ninayemdhania kutokana na barua yako, atainuka aende kumtazama mtoto aliyelala.

Nawe, mama, lako lipo. Ile fulana ya samawati umeitaja kwa raha, nimeisikia mpaka huku. Umependa kuwa ile familia inayokimbia pamoja, watu wa Kiembeni wakipungia mkono. Si dhambi. Ila mtoto ameiona raha hiyo pia, na anajua ni yeye atakayeivunja akisema ameumia. Mwonyeshe kwa kitendo. Jumamosi moja wewe ndiye usiende, useme umechoka, ubaki kitandani, na dunia isianguke.

Pesa za kujiandikisha zimeshatoka, najua. Mumeo azikimbie zake, awaone nyinyi wawili mwishoni mkimngojea na madafu mliyobeba kutoka nyumbani. Mbio za porini na mtoto ziwe hapa karibu kwanza, na ziwe za kutembea. Nendeni Shimba Hills, mteremke hadi maporomoko ya Sheldrick mkiongozwa na askari wa wanyamapori. Kushuka ni raha, kupanda kurudi ndiko kutakakomweleza mumeo habari za milima. Mkibahatika mtamwona palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda, ambaye Kenya hii humpati porini penginepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi, msimtoe mtoto kwenye jua la saa nne: mwili mdogo hupata moto upesi na hutoa jasho kidogo kuliko wetu. Akilalamika kichwa au kichefuchefu, kivulini, maji, na safari imekwisha.

Sharti moja tu siku hiyo. Binti atangulie mbele, baba awe nyuma kabisa. Mwendo ni wake. Akisema "basi", mnageuka, na hakuna wa kumuuliza kwa nini mpaka mfike nyumbani. Asipolitumia neno hilo hata mara moja, usifurahi haraka. Mjaribu tena wiki nyingine.

Ile kucha msiing'oe, na asiichokonoe. Ya chini ikiota, ya juu itadondoka yenyewe.