Nikichomeka waya wa printa, intaneti inakatika

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Laptopu yangu ya Windows 11 inapata intaneti kwa Wi-Fi, lakini printa ya risiti iko kwenye rauta nyingine ya waya, isiyo na intaneti. Nikichomeka waya tu, intaneti inakatika, na wageni wanangoja niwajibu kuhusu vyumba. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Windows hukipa kila kiunganisho namba, na chenye namba ndogo ndicho hutangulizwa. Namba hiyo hufuata kasi: waya wa gigabiti 1 hupewa 25, Wi-Fi ya megabiti 433 hupewa 35. Kama waya hauna njia ya kutoka nje, Windows haijali. Rauta ya printa inajitangaza kuwa ndiyo lango la kutokea nje, basi laptopu yaifuata. Ni kama abiria wa Mokowe aliyefika gatini akapanda boti iliyo karibu, kumbe haina injini.

Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi (Run as administrator), uandike:

Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Wi-Fi" -InterfaceMetric 10
Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -InterfaceMetric 50

Majina ya viunganisho vyako yakiwa tofauti, utayaona kwa Get-NetIPInterface.

Usiogope kuipoteza printa. Namba hizi huamua safari za nje tu. Printa iko mtandao mmoja na ule waya, kwa hiyo laptopu huiendea moja kwa moja. Langoni na Mkomani ni mitaa ya mji mmoja wa Lamu: mtu wa Langoni akienda Mkomani hatafuti boti, anatembea.

Ila kagua jambo moja, maana nimeona watu wakihangaika nalo siku nzima: anwani za rauta zote mbili. Nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.1. Zikifanana, laptopu itaiona mitandao miwili kama mmoja, na printa itatafutwa kwenye Wi-Fi. Ingia kwenye rauta ya printa uibadilishe iwe 192.168.10.1, kisha zima na kuwasha printa. Kama printa uliipa anwani ya kudumu, ibadilishe nayo ianze na 192.168.10, kisha uiandike anwani hiyo mpya ya printa kwenye laptopu pia.

Ukimaliza, acha waya umechomekwa, uandike tracert -d 8.8.8.8, amri ya kuonyesha njia ambayo laptopu hupita kwenda intaneti. Mstari wa kwanza ukionyesha anwani ya rauta ya Wi-Fi, printi risiti huku ukiwajibu wageni.