Maswali ya Wasomaji: Bei ya Kuchora kwa Leza Oda Ikiwa Kubwa

SWALI: Shule moja hapa mjini inataka chupa 250 za maji za stili, zile zilizopakwa rangi, zichorwe nembo yao kwa ajili ya mahafali. Nina mashine ya leza ya CO2 ya wati 60. Chupa naipata Kariakoo kwa shilingi 8,500. Mteja wa chupa moja humtoza 5,000 za kuchora, lakini shule inataka bei ya jumla. Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Iweke pembeni hiyo 5,000. Ndani yake kuna muda wa kusafisha faili na kujaribu mashine, na muda huo kwenye oda ya 250 unautumia mara moja tu.

Anza na bei ya saa ya karakana yako. Tuseme kwa mwezi pango ni 300,000, mshahara (hata kama fundi ni wewe mwenyewe) 450,000, umeme 120,000, akiba ya tyubu ya leza, lenzi, vioo na uchakavu wa mashine 250,000, mengineyo 80,000. Jumla 1,200,000. Igawe kwa saa zilizokuwa na kazi ya kulipwa, siyo saa ambazo mlango ulikuwa wazi. Siku 26 za saa 8 ni saa 208, lakini ukihesabu bila kujidanganya pengine ni 120 tu zilizokuwa na kazi. Basi saa moja ni 10,000. Ukigawa kwa 208 utapata 5,770 hivi, na asilimia 42 ya gharama zako itakosa mlipaji.

Kazi ya mara moja: kuichora upya nembo iliyotumwa kwa picha ya WhatsApp, kufunga rotari (kifaa kinachoizungusha chupa chini ya leza), kutafuta nguvu na mwendo wa leza, kupitisha sampuli. Saa 3, yaani 30,000. Kwa chupa 250 ni shilingi 120 kila moja.

Kazi ya kila chupa ndiyo yenye pesa, kwa hiyo ihesabu kwa sekunde. Nembo ya milimita 60 kwa 30, mistari ikipishana milimita 0.1, ni mistari 300. Kichwa cha leza kinasafiri 60 na nafasi ya kushika kasi pande zote mbili, tuseme 80 kwa jumla. Kwa milimita 200 kwa sekunde ni sekunde 0.4, ongeza 0.1 ya kugeuka: 0.5 kwa kila mstari, jumla sekunde 150. Kupakia, kushusha na kufuta masizi kwa spiriti ni dakika moja na nusu nyingine. Dakika 4 kwa chupa, saa 16 na dakika 40 kwa oda nzima, shilingi 667 kwa kila chupa.

Angalia pia nembo imelala vipi. Nembo hiyohiyo ikisimama, upande mrefu ukifuata mzunguko wa chupa, mistari inakuwa 600 mifupi na muda unapanda hadi sekunde 210 hivi. Ni dakika moja tu kwa chupa, lakini kwa oda nzima umepoteza saa 4 na ushee. Na usijaribu kufidia kwa kuongeza mwendo: meza ikitikisika chupa huteleza kwenye magurudumu ya rotari, nembo ikatoka imepinda.

Sasa jumlisha. Chupa 8,500, usafiri 200, maandalizi 120, mashine 667. Weka na zitakazoharibika: nunua 260, siyo 250. Umeme hukatika katikati ya mchoro, rangi nyingine hubanduka vibaya, na chupa iliyobonyea kiwandani huigundua ukiwa umeshaizungusha. Kumi za ziada zinaongeza kama 375 kwa kila moja. Gharama kamili: 9,862.

Kwenye faida wengi hujipunja. Ukitaka asilimia 30 ya bei, gawa kwa 0.7: unapata 14,089, sema 14,100. Ukizidisha kwa 1.3 unapata 12,821, na hapo faida ni asilimia 23 tu ya bei. Tofauti kwa chupa 250 inafika shilingi 317,000.

SWALI: Kampuni imeniomba bei ya vipande 500, kisha inataka vipande 80 kwa bei ileile. Na wanadai punguzo la asilimia 40. – Msomaji, Arusha

JIBU: Wingi unapunguza gharama ya maandalizi peke yake. Dakika za mashine kwa kila kipande hazipungui. Maandalizi ya 30,000 kwa vipande 10 ni 3,000 kila kimoja; kwa 50 ni 600; kwa 100 ni 300; kwa 500 ni 60. Ukishapita 100, kinachobaki cha kupunguza ni kidogo mno. Punguzo la kweli likiwepo, linatoka kwa anayekuuzia bidhaa kwa katoni, kwa hiyo kaulizie huko kwanza ndipo uahidi.

Kwenye profoma andika bei kwa ngazi: 20 hadi 49, 50 hadi 99, 100 na kuendelea, na uonyeshe kama VAT imo au haimo. Ongeza sentensi moja: bei ni kwa oda moja, nembo moja, mahali pamoja pa kuchora. Kampuni yenye matawi matano na maandishi matano tofauti imeleta maandalizi matano.

SWALI: Kalamu 120, kila moja na jina lake. Nitoze vipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Bei ya nembo, kisha nyongeza kwa kila jina. Orodha iletwe kwenye Excel, safu moja, majina yameandikwa kama yatakavyotokea. Usikubali ujumbe wa sauti wala picha ya karatasi: Lilian na Lillian ni watu wawili, na kalamu ukishaichora haifutiki. Mteja athibitishe orodha kwa maandishi kabla hujawasha mashine.

Kata kibao cha MDF cha milimita 3 chenye matundu 20 ya kushikilia kalamu, yenye namba. Kalamu 120 ni mizunguko sita. Vibanio vyote vielekee upande mmoja, la sivyo nusu ya majina yatasomeka kichwa chini. Kalamu za akiba zisipungue sita.

SWALI: Mteja ameleta pochi zake 60 za ngozi bandia nichore. Zikiharibika nani analipa? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Kabla ya malipo, uliza zimetengenezwa kwa nini. Ngozi bandia nyingi ni PVC, plastiki yenye klorini, na PVC ikiunguzwa na leza hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayodhuru mapafu na kuzitia kutu reli za mashine. Pasha waya wa shaba uliosafishwa hadi uwe mwekundu, uguse pochi, urudishe motoni, ukiwa nje penye hewa. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini. Kataa kazi, kwa bei yoyote.

Ikiwa nyenzo ni salama, omba pochi 2 au 3 za majaribio zisizorudishwa, na mteja asaini kwamba dhamana yako inaishia kwenye gharama ya kuchora. Bei ya kuchora mali ya mtu iwe juu kidogo kuliko ukiuza mwenyewe, maana hapa huna faida ya bidhaa ya kukuegemeza.

SWALI: Advansi ya asilimia 50 inatosha? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa vitu vya mteja mwenyewe, inatosha. Kwa bidhaa unazonunua wewe, piga hesabu. Kwenye oda ya Morogoro hapo juu, jumla ni 3,525,000 na nusu yake ni 1,762,500, lakini chupa 260 pekee ni 2,210,000 na usafiri 52,000. Ungejazia karibu laki tano kutoka mfukoni. Asilimia 70, yaani 2,467,500, ndiyo inayofunika manunuzi. Salio lilipwe kabla mzigo haujatoka: chupa yenye nembo ya shule hiyo huwezi kumuuzia mtu mwingine.