Kwa Fundi Anayeanza: Pakiti Inayokwenda Isirudi

Ukiitwa kwenye nyumba ambayo intaneti imegoma, usianze kwa kurudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa sababu hapo utafuta dalili zote ambazo zingekuonyesha tatizo lilipo, na pengine utafuta pia jina na nywila ya mtoa huduma, ambavyo mara nyingi mwenye nyumba hakuviandika popote. Anza na kifaa kilicho mbele yako. Kwenye Windows, toa amri ya ipconfig na uisome anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipangia anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la DHCP (huduma ya kugawa anwani, ambayo kwa kawaida huwa kwenye ruta), kwa hiyo kumpigia simu mtoa huduma wakati huo ni kumsumbua bure. Kagua waya, swichi na Wi-Fi kwanza.

Anwani ikiwa sawa, pima kwa ping, amri inayoituma pakiti (kipande kidogo cha data) na kusubiri jibu, kutoka karibu kwenda mbali: ruta ya nyumbani, kisha 8.8.8.8 (seva ya Google), kisha tovuti yoyote kwa jina lake. Namba zikijibu na jina lisijibu, njia ni nzima na wa kushughulikiwa ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Usitumie kompyuta ya jirani chumbani kama kipimo, kwani ngome (firewall) ya Windows huweza kuikataa ping hata mtandao ukiwa mzima kabisa.

Kazi ngumu huanza pale nyumba inapokuwa na ruta mbili, kwa mfano moja sebuleni na nyingine kwenye vyumba vya uani vya wapangaji. Ruta nyingi hutoka dukani zikiwa na 192.168.1.1. Ukichomeka waya wa ruta ya kwanza kwenye poti ya WAN (tundu la upande wa intaneti) ya pili bila kubadilisha namba hizo, ruta ya pili itaona mtandao uleule mbele na nyuma yake, isijue pakiti ielekee upande gani. Kwa nyumba ya kawaida mimi hupendelea kuchomeka waya kwenye poti ya LAN (tundu la upande wa ndani) ya ruta ya pili, kuzima DHCP yake na kuipa 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kwamba ruta ya kwanza haigawi namba hiyo kwa kifaa kingine. Printa na simu zote zitaonana.

Mwenye nyumba akitaka wapangaji wawe na mtandao wao, tuseme 192.168.2.0, ruta ya uani itakuwa na 192.168.2.1 upande wa ndani na 192.168.1.2 upande wa sebuleni. NAT yake (kubadilisha anwani za ndani zionekane kama anwani ya ruta yenyewe) ikiwa imezimwa, utakutana na jambo linalowachanganya wengi: kompyuta ya uani inapata jibu kutoka 192.168.1.2, lakini 192.168.1.1 iko kimya. Utadhani pakiti haifiki, kumbe inafika vizuri. Ruta ya sebuleni ndiyo isiyojua 192.168.2.0 iko wapi, hivyo jibu lake hulitupa kwenye njia yake ya kawaida, yaani kwa mtoa huduma, ambako anwani za binafsi hazipokelewi. Dawa ni kuongeza njia ya kudumu (static route) kwenye ruta ya sebuleni: mtandao 192.168.2.0, kinyago (subnet mask) 255.255.255.0, kupitia 192.168.1.2. Ikiwa badala ya ruta umetumia kompyuta ya Linux yenye kadi mbili, hakikisha pia kwamba net.ipv4.ip_forward ni 1, la sivyo haitapitisha pakiti za wengine.

Baadhi ya ruta za watoa huduma hazina ukurasa wa kuongeza njia. Hapo washa NAT kwenye ruta ya uani, ili kila kinachotoka huko kionekane kimetoka 192.168.1.2. Wapangaji watavinjari bila shida, ila kamera ya uani inayotakiwa kufikiwa kutoka nje itahitaji kufunguliwa poti (hapa si tundu la waya bali namba ya mlango wa mtandao, port forwarding) kwenye ruta zote mbili. Kabla hujamwahidi mteja kamera hiyo, soma anwani ya WAN ya ruta ya sebuleni. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma naye anafanya NAT yake huko juu, na poti utakazofungua nyumbani hazitasaidia kitu. Mteja aombe anwani ya umma, au anunue kamera inayojiunganisha yenyewe na seva ya nje.