Saa nzima ya pedeli, simu inasoma mita 300

Ujumbe umeingia juzi kutoka Kiloleni, Tabora. Msomaji amefunga baiskeli sebuleni, amekanyaga pedeli saa nzima hadi fulana imelowa, na simu imemwandikia mita 300 na dakika mbili za mazoezi. Anauliza kama app ni mbovu. App ni nzima, kaka. Imeambiwa ipime kitu ambacho ndani ya nyumba hakipo.

GPS hupima kuhama kwa simu, na simu haikuhama. Zile mita 300 zinatokana na mawimbi yanayogonga bati na kuta, simu ikajiona inatangatanga. Halafu programu ikiona husogei, inasimamisha saa yenyewe. Ndiyo maana dakika 60 zimekuwa mbili. Kabla hujanunua chochote, chagua zoezi la baiskeli ya ndani, kisha zima kule kusimama kwa kiotomatiki. Muda wako umepona.

Hapo ndipo wengi wanapotea tena. Wakisikia GPS haihitajiki, wanazima "Mahali" kwenye simu yenyewe, na kihisi, yaani kifaa kidogo kinachopima mapigo, mizunguko ya pedeli au kasi na kuitumia simu, kinagoma kuonekana. Simu za Android 11 kurudi nyuma haziiruhusu programu kutafuta vihisi vya Bluetooth kama Mahali imezimwa. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa nyingine, ya vifaa vilivyo karibu. Ukiikataa siku ya kwanza, utahangaika wiki nzima. Iruhusu pia programu itumie betri bila kubanwa, la sivyo skrini ikizimika tu, rekodi inaweza kukatika hata dakika ya 12 nawe bado unakanyaga.

Kihisi usikiunganishe kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu. Kitafute kutoka ndani ya programu. Vihisi vingi, hasa vya zamani, huongea na kifaa kimoja tu kwa Bluetooth, kwa hiyo saa ya mkononi ikikiwahi, simu haitakiona. Mfumo wa ANT+, njia nyingine ya vihisi kuongea bila waya, hutangaza kwa wote, ila simu nyingi hazina ANT+.

Kwa mwenye pesa ya kifaa kimoja: nunua mkanda wa mapigo ya moyo wa kifuani. Cha pili ni kihisi cha mizunguko ya pedeli. Cha kasi kije mwisho kabisa, na sababu nitaieleza kwa baiskeli ya Phoenix, maana ndiyo iliyojaa Tabora.

Ukiipandisha Phoenix kwenye stendi yake ya nyuma, gurudumu linazunguka bure. Kihisi cha kasi kitakuandikia kilomita 40 kwa saa, na namba hiyo haina kazi yoyote nyuma yake. Tena miguu ya stendi hiyo haikutengenezwa ibebe mtu anayekanyaga kwa nguvu, inapinda. Mzigo wa kweli wa kukanyaga unapatikana kwenye stendi ya mazoezi, ile inayobana ekseli ya nyuma na kulikandamiza tairi kwenye roli. Phoenix ina ekseli ya nati, kwa hiyo tafuta nati maalumu zenye ncha ya kukaa kwenye kikombe cha stendi, na uzi wake ulingane na ekseli yako. Fungua stendi ya asili, na keria pia ikigusa. Roli ikishagusa tairi, kaza kitasa cha stendi mizunguko miwili au mitatu, kisha lishike gurudumu kwa mkono ulivute ghafla: likiteleza, ongeza nusu. Hesabu ile mizunguko uikumbuke.

Kihisi cha kasi hukaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma. Gurudumu la mbele halizunguki. Programu nyingi huanza na mzingo wa tairi (umbali wa mzunguko mmoja) wa milimita 2096 au 2105, yaani tairi la 700 x 23 au 700 x 25. Tairi la Phoenix la 28 x 1½ ni kama 2224. Ukiacha 2096, kila kilomita 20 unapunjwa zaidi ya moja. Pima mwenyewe: weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, panda, sogeza mizunguko mitano kamili, pima, gawa kwa tano.

Kihisi cha pedeli kinafungwa upande wa ndani wa mkono wa kushoto. Kwenye baiskeli ambazo mkono wa pedeli umeshikwa kwa pini nafasi ni finyu, kwa hiyo zungusha taratibu kwa mkono uone hakikwaruzi fremu kabla hujapanda.

Mkanda wa kifuani unataka unyevu. Lowesha zile sehemu mbili za mpira kwa maji, ubane chini ya kifua. Kiangazi cha Julai, hewa ikiwa kavu na fulana ya nailoni ikipepea mbele ya feni, umeme tuli unaweza kukuandikia mapigo 210 dakika tano za mwanzo. Moyo hauna shida. Vua fulana au vaa ya pamba, ongeza maji. Jasho likitoka namba inatulia.

Oktoba ni kinyume chake. Chumba cha bati saa nane mchana bila feni kitapandisha mapigo kwa 10 au zaidi kwa kazi ileile. Ukilinganisha rekodi hiyo na ya alfajiri ya Juni, utadhani umedhoofika, na mtu anaacha mazoezi kwa sababu ya joto la bati! Fanya saa ileile, feni palepale, upepo wa tairi uleule usiozidi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Dakika 10 za kwanza usizilinganishe na chochote, kwa sababu tairi na roli vinapata moto na uzito wa pedeli unabadilika. Baada ya hapo shika mizunguko ya pedeli 85 kwa dakika kwa dakika 20, uangalie wastani wa mapigo. Ukishuka wiki hadi wiki hali ikiwa ileile, umepata kitu.

Kilomita za sebuleni zikipandishwa Strava, mtandao wa kuweka rekodi za mazoezi, zibaki zimewekewa alama ya mazoezi ya ndani. Kuziacha zionekane kama safari ni kumdhulumu aliyeipanda barabara ya Nzega upepo ukimpiga usoni.

Umeme au intaneti ikikatika, rekodi inabaki kwenye simu. Faili la saa moja kwa kawaida ni dogo, litapanda baadaye. Kwenye maelezo andika feni, saa, upepo wa tairi na mizunguko ya kitasa.

Ukimaliza, bandua kile kidude kwenye mkanda na suuza mkanda kwa maji. Ukikiacha kwenye jasho kinaendelea kuwaka, betri ya CR2032 inakwisha, na vishikizo vinaota kutu.