Maswali ya Wasomaji: Betri za Paneli ya Kengele ya Moto

SWALI: Nasimamia hosteli ya wanafunzi ya ghorofa saba hapa Ngara. Paneli yetu ya kengele ya moto ina betri mbili za volti 12, kila moja imeandikwa 7Ah, yaani ampea-saa 7, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi. Fundi aliyekuja kuzibadilisha anasema mbili zikiwa pamoja ni Ah 14, kwa hiyo hata stima ikipotea siku mbili tusiwe na wasiwasi. Mwenye jengo anauliza kama ni kweli kabla hajalipa. *Msimamizi, Ngara*

JIBU: Si kweli, na asilipe kabla hesabu haijafanywa. Betri hizo zimefungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ili paneli ipate volti 24. Zikifungwa hivyo volti hujumlishwa, lakini ampea-saa hubaki zilezile. Mnazo 7. Ili mpate 14 ingebidi zifungwe sambamba, na hapo paneli ingepata volti 12 tu isiwake.

Kama 7 zinatosha au hazitoshi, jengo lenyewe ndilo litakalosema. Kanuni ya Uingereza, BS 5839-1, ambayo wahandisi wengi wa Nairobi huifuata, inataka betri ziendeshe mfumo saa 24 bila stima, na baada ya hapo bado ziweze kuliza ving'ora vyote kwa nusu saa. NFPA 72 ya Marekani inataka saa 24 pia, na dakika 5 za kengele, au 15 pale panapotumika matangazo ya sauti. Mwulize mkandarasi ni ipi iliyoandikwa kwenye michoro yenu, kisha msizichanganye.

Chukua karatasi za vifaa, uandike mkondo wa kila kimoja mara mbili: kikiwa kimya na kengele ikilia. Tuchukue mfano wa jengo linalokaribia lenu kwa ukubwa. Paneli yenyewe inakula miliampea 100 ikiwa kimya. Vihisi moshi 80, kila kimoja 0.3, ni 24. Vitufe 12 vya kuvunja kioo ni 3.6. Moduli sita, yaani visanduku vidogo vinavyounganisha paneli na vifaa vingine, za 0.4 ni 2.4. Paneli ndogo ya pili iliyo kwenye meza ya askari wa lango ni 60. Jumla ni miliampea 190, yaani ampea 0.19. Kengele ikilia, paneli hupanda hadi 250, ile ndogo 100, vihisi na vitufe na moduli ni kama 30, ving'ora 20 vya 25 ni 500, na taa sita za kumweka za 30 ni 180. Jumla 1060, yaani ampea 1.06.

Sasa hesabu. Saa 24 mara 0.19 ni 4.56. Nusu saa ya kengele ni 1.06 gawanya kwa 2, lakini kabla ya kugawanya unazidisha kwa 1.75, kwa sababu betri ikivutwa kwa nguvu haitoi ampea-saa zote zilizoandikwa ubavuni. Namba ile ya 7 hupimwa kwa kuitoa betri polepole kwa saa 20, yaani ampea 0.35. Kama mkondo wa kengele hauzidi ukubwa wa betri ukigawanywa kwa 20, hiyo 1.75 unaiacha. Hapa 1.06 inazidi 0.35 kwa mbali, kwa hiyo tunapata 0.93. Jumlisha: 5.49. Mwisho zidisha kwa 1.25, kwa kuwa betri huzeeka na lazima itoshe hata mwaka wake wa mwisho. Jibu ni 6.86.

Betri za 7 zinapita kwa nywele. Mkiongeza vihisi 20 tu, hazitoshi tena. Sisi tungeweka 12. Na hizo siku mbili za fundi? Saa 48 zinaleta 12.56, kwa hiyo hata 12 haitoshi. Ni 17 au 18. Saa 72, ambazo huhitajika kwa ghala au duka linalofungwa wikendi nzima bila mtu, zinaleta 18.26. Betri ya 18 inakosa kidogo sana, nanyi mnalazimika kupanda hadi 24.

Tazameni tena zile namba, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Ving'ora 20 vikilia nusu saa nzima vinakula robo ya ampea-saa. Ile paneli ndogo ya askari, ikikaa kimya mchana na usiku, inakula 1.44. Inazidi mara mbili vihisi vyote 80 vya jengo. Kinachomaliza betri ni utulivu wa saa 24, kelele ni sehemu ndogo. Kwa hiyo msikubali mtu akadirie mkondo wa utulivu kwa macho. Upimwe: wajulisheni wakazi, zimeni stima ya paneli, mita iwekwe kwenye tundu lake la ampea 10 na iunganishwe katikati ya waya chanya wa betri, kisha msubiri dakika kadhaa namba itulie. Stima ikiwa bado imewaka mtakuwa mnapima mkondo wa chaja, na namba hiyo haina maana kwenye hesabu hii.

SWALI: Nilitoa betri za 7 nikaweka za 24 kwenye paneli ya ofisi Westlands. Tangu siku hiyo taa ya hitilafu ya betri haizimiki. Betri ni mpya kabisa. *Fundi stima, Kariobangi*

JIBU: Fundi, anza na chaja. Kiwango cha Ulaya cha EN 54-4 kinataka chaja ifikishe betri asilimia 80 ndani ya saa 24, na imalize ndani ya saa 48 zinazofuata. Asilimia 80 ya 24 ni 19.2. Chaja ya nusu ampea, hata isipopoteza chochote, kwa saa 24 hutoa 12 tu. Unahitaji karibu ampea 1. Soma kitabu cha paneli: kila mtengenezaji huandika betri kubwa zaidi inayoruhusiwa, na ukiivuka unahitaji chaja nyingine ya 24V inayokidhi EN 54-4, yenye kisanduku chake na fyuzi karibu na betri.

Chaja ikiwa inatosha, pima kila betri peke yake. Mpya iliyojaa, ikiwa haijaunganishwa, husoma karibu volti 12.8 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.5 imekaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa, na ndani imeanza kuota chumvi ya risasi. Usinunue Luthuli Avenue au kwingine bila mita mkononi, na soma tarehe ya kutengenezwa. Halafu kagua ule waya mfupi unaounganisha betri mbili. Kiunganishi kilicholegea huongeza ukinzani, na paneli za sasa huupima na kulalamika hata kama volti ni sawa. Volti ya chaja uipime betri zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu paneli nyingine huizima zisipoona betri. Zikishajaa utasoma karibu 27.3.

Na badilisha zote mbili pamoja. Nzee moja ikikaa na mpya, hazigawani volti ya chaja sawasawa: moja hupokea nyingi kupita kiasi huku nyingine ikibaki na njaa, na zote mbili hufa mapema.

SWALI: Jengo letu Eastleigh lina jenereta inayojiwasha. Je, bado tunahitaji betri kubwa? Na betri ya gari inaweza kutumika? *Mwenye duka*

JIBU: Jenereta inayojiwasha na inayolisha paneli yenyewe hupunguza saa 24 hadi 6 kwa BS 5839-1, katika mifumo ya kulinda watu. Hakikisheni saketi ya paneli kweli iko upande wa jenereta. Mara nyingi jenereta imefungiwa lifti na pampu tu. Betri ya gari, hapana. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haivumilii kuisha polepole, na hutoa haidrojeni inayoweza kulipuka ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Betri zinazofaa ni zile za risasi zilizofungwa zisizoongezwa maji. Andikeni tarehe ya kufungwa kwa kalamu isiyofutika, mzibadilishe kila baada ya miaka minne hivi, mapema zaidi kama paneli iko kwenye kibanda cha mabati, kwa sababu joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25 maisha yake hupungua karibu nusu. Kila mwaka zimeni stima, lizeni kengele, na mpime volti za kila betri ving'ora vikiwa vinalia. Moja ikishuka haraka kuliko mwenzake, jozi nzima ibadilishwe.